Simu ipimwe kabla haijapima: barua ya wazi kuhusu kichocho na hadubini za mkononi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Na Waganga Wakuu wa mikoa ya Kanda ya Ziwa.

YAH: OMBI LA KUJARIBU SIMU KAMA CHOMBO CHA KUHESABU MAYAI YA KICHOCHO KATIKA MWAMBAO WA ZIWA VICTORIA

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa heshima, nikiwa mtaalamu wa maabara mkoani Mwanza, kuomba jambo moja lililo ndani ya uwezo wa ofisi zenu: kwamba simu ya mkononi iliyofungwa lenzi ya ziada ijaribiwe hapa kwetu, kwa sampuli zetu na kwa mikono ya watumishi wetu, kama chombo cha kuhesabu mayai ya kichocho cha tumbo katika zahanati na vituo vya afya vya visiwani na vya kandokando ya ziwa, na kwamba ikifaulu isajiliwe, inunuliwe na itunzwe kama kifaa kingine chochote cha maabara. Siombi ianze kutumika kesho. Naomba ianze kupimwa mwaka huu.

Habari ya simu kugeuzwa hadubini si ngeni. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Daniel Fletcher, walionyesha kuwa kamera ya simu ikiwekewa lenzi za hadubini inaweza kupiga picha za vimelea vya malaria, za chembe nyekundu za mgonjwa wa selimundu na, kwa mwanga maalumu, za bakteria wa kifua kikuu kwenye makohozi. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza hadubini ya karatasi ya kukunja, ambayo malighafi zake hazifikii dola moja ya Marekani na ambayo inaweza kubandikwa kwenye kamera ya simu. Tangu hapo zimefanyika semina nyingi na zimepigwa picha nyingi za wageni walioshika simu mbele ya zahanati, nami sina ugomvi nazo. Ila wako wenzangu visiwani ambao hadubini yao pekee ikiungua taa, kazi husimama mpaka fundi avuke maji, na kwao miaka yote hiyo ya semina haijabadilisha kitu.

Sehemu ya maelezo ya hali hiyo ilipatikana nchini mwetu wenyewe, kisiwani Pemba. Watafiti wakiongozwa na Isaac Bogoch, wakiwamo wenyeji, walichukua simu ya iPhone 4S, wakabandika kwenye kamera yake lenzi ya kioo yenye umbo la gololi na kipenyo cha milimita 3 kwa utepe wenye gundi pande zote mbili, wakamulika slaidi kwa tochi ndogo, kisha wakasoma slaidi 199 za choo cha watoto ambazo zilikwisha kusomwa kwa hadubini ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Simu ilibaini asilimia 81 ya maambukizi ya mchango, yaani mnyoo mrefu wa duara, asilimia 54 ya minyoo mjeledi, na asilimia 14 tu ya minyoo ya safura. Nataja tarakimu zote tatu kwa makusudi, kwa sababu mwenye kuuza kifaa hutaja ya kwanza peke yake, na mwenye kukipinga hutaja ya mwisho peke yake.

Tofauti hiyo kubwa haikutokana na uzembe wa mtu. Mchango mmoja jike hutaga mayai yapatayo laki mbili kwa siku, na yai lake lina ganda nene la rangi ya kahawia ambalo hata lenzi duni hulionyesha. Yai la safura lina ganda jembamba linalopitisha mwanga, na katika slaidi za Kato-Katz, ambazo choo kilichochujwa hutandazwa kwenye kioo chini ya utando uliolowekwa gliserini, hufifia na kupotea ndani ya saa moja hivi kwa sababu ya gliserini hiyo. Simu ile ile, mbele ya wasomaji wale wale, ilifaa kwa mnyoo mmoja na haikufaa kwa mwingine. Kwa hiyo kuuliza kama simu inafaa kuwa hadubini ni kuuliza swali lisilojibika. Inabidi tuseme inafaa kutazama nini, kwenye sampuli gani, kwa uamuzi gani utakaofuata.

Kwa mwambao huu, naamini cha kuanzia ni yai la kichocho cha tumbo. Tanzania hutajwa kuwa ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho, na ziwa letu ni mojawapo ya makao makuu ya aina ya tumbo, kwa kuwa konokono wanaobeba vimelea vyake huishi kwenye maji ya kina kifupi, pale pale watu wanapochota maji, wanapofua, wanapooga na wanapovuta nyavu. Yai lake lina urefu wa takriban mikroni 140, yaani mayai saba yakipangwa mstari mmoja yanakaribia milimita moja, na ubavuni lina mwiba ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuukosea. Kimelea cha malaria, kwa kulinganisha, huishi ndani ya chembe nyekundu yenye upana usiozidi mikroni 8. Tena yai la kichocho halipotei upesi kwenye slaidi kama la safura, hivyo slaidi iliyosomwa asubuhi kwa simu inaweza kusomwa tena jioni, au wiki ijayo, na mtu mwingine asiyejua msomaji wa kwanza aliandika nini.

Hata hivyo, mayai hayo makubwa huwa machache, na hapa ndipo penye kazi. Jozi moja ya minyoo ya kichocho cha tumbo hutaga mamia tu ya mayai kwa siku, na mengi kati ya hayo hunaswa kwenye utumbo na ini badala ya kutoka na choo. Katika njia ya Kato-Katz tunasoma miligramu 41.7 za choo na kuzidisha idadi kwa 24 ili kupata mayai kwa kila gramu. Shirika la Afya Duniani huyaita maambukizi hafifu yale yasiyofikia mayai 100 kwa gramu, na makali yale ya kuanzia 400. Ukizirudisha tarakimu hizo kwenye kioo, mwenye maambukizi makali ana mayai kama 17 kwenye slaidi nzima, na mwenye maambukizi hafifu hazidishi manne. Manne tu, kwenye eneo linalokaribia upana wa sarafu, huku lenzi ya gololi ikionyesha vizuri sehemu ndogo ya katikati na kufifisha pembeni. Anayesogeza slaidi kwa kidole ataruka sehemu moja, atarudia nyingine mara mbili, kisha ataandika sifuri kwa mtoto mwenye kichocho.

Ndiyo maana nasema, kinyume cha matangazo mengi, kwamba tusitafute kwanza lenzi yenye nguvu zaidi. Kinachohitajika ni kitako imara chenye meza ndogo inayosogeza slaidi kwa hatua zilizo sawa kutoka ukingo hadi ukingo, huku simu ikipiga picha kila hatua, ili pasibaki sehemu isiyotazamwa. Watafiti wa Delft, Uholanzi, pamoja na wenzao wa Nigeria, wametengeneza kifaa chenye kamera kinachopiga picha na kuhesabu mayai ya kichocho cha mkojo, na hapa nchini Taasisi ya Afya Ifakara na karakana moja ya Dar es Salaam zimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Bath kutengeneza hadubini ambayo sehemu zake nyingi huchapwa kwa plastiki kwenye printa ya pande tatu. Michoro ya hadubini hiyo iko wazi kwa kila mtu. Sioni sababu ya kitako cha simu kuagizwa ng'ambo wakati Mwanza kuna SIDO ya viwanda vidogo, kuna VETA ya ufundi stadi, na kuna mafundi simu wanaobadilisha vioo vya kamera mchana kutwa katikati ya jiji.

Huenda ofisi zenu zikauliza kuna haja gani ya kuhesabu mayai wakati prazikwanteli, dawa ya kichocho, hutolewa shuleni kwa watoto wote bila kupimwa. Swali ni la haki. Mahali penye maambukizi mengi ni sahihi kabisa kutoa dawa bila kupima, kwa kuwa dawa ni salama na kupima kila mtoto kungegharimu zaidi ya kumpa vidonge. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza dawa itolewe kwa jamii nzima, kuanzia umri wa miaka 2, pale ambapo maambukizi yamefikia asilimia 10, na shabaha ya mwaka 2030 ni kwamba maambukizi makali yashuke chini ya asilimia 1. Mipaka hiyo haisomeki bila kuhesabu. Mvuvi wa dagaa anayehama mwalo kila msimu hayumo kwenye daftari la shule yoyote, wala kaka yake mkubwa aliyeacha masomo ili apige kasia, na hao ndio wanaoshinda majini na kuambukizwa upya miezi michache baada ya kumeza dawa. Takwimu za wilaya nzima huwaficha: kijiji cha barabarani na kambi ya wavuvi huchanganywa kwenye wastani mmoja, kisha dawa zinagawiwa kwa wastani huo.

Kipo pia kipimo cha mkojo cha kutafuta antijeni, yaani alama inayoachwa na kimelea, ya kichocho cha tumbo, nacho hubaini wagonjwa wengi zaidi kuliko slaidi moja. Nakiheshimu. Lakini kila kipimo hununuliwa, hutumika mara moja na kutupwa, hakitoi idadi ya mayai, na mstari wake ukiwa hafifu wasomaji wawili hubishana. Vifanye kazi pamoja.

Naomba mwangalie mifano miwili ya nje ambayo imefanikiwa, kwa kuwa mafanikio yake hayakutoka kwenye kamera peke yake. Nchini Kamerun, dawa ya ivermektini ya kutibu usubi, ugonjwa unaopofusha, huweza kumdhuru vibaya mtu mwenye idadi kubwa sana ya vimelea vya mnyoo mwingine, Loa loa, katika damu. Kundi lile lile la Berkeley na wenzake walitengeneza kifaa kinachotumia simu kurekodi video ya tone la damu na kuhesabu vimelea kwa mtikisiko wake, kwa dakika chache tu. Kilipotumika wilayani Okola, zaidi ya watu 15,000 walipimwa, wachache waliokuwa na vimelea vingi mno wakazuiwa dawa, na wengine wakatibiwa kwa usalama. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 2017. Swali lilikuwa moja, na kila jibu lilikuwa na hatua yake. Jirani zaidi, katika kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, walimu walipima macho ya wanafunzi kwa programu ya simu iitwayo Peek, na mfumo ukawakumbusha wazazi kwa ujumbe mfupi. Kati ya watoto walioonekana kuwa na tatizo, asilimia 54 walifika hospitali, ikilinganishwa na asilimia 22 katika shule zilizotumia njia ya kawaida. Herufi za kusomesha watoto zingeweza kubandikwa ukutani. Kilicholeta tofauti ni ule ufuatiliaji. Sisi nasi tukihesabu mayai katika visiwa vya Kome au Ukerewe bila kujua nani atapeleka dawa kambini, tutakuwa tumenunua picha nzuri za mayai.

Kwa sababu hiyo hiyo, yapo mambo ambayo siyaombi. Malaria tuiache kwa kipimo cha haraka na kwa hadubini yenye lenzi ya mafuta. Simu ya bei ndogo itakosea kwa watoto wenye vimelea vichache, na kosa hilo huua. Naomba pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba izitazame programu zinazowaambia watu kwamba wakibonyeza kidole kwenye kamera watajua shinikizo la damu, sukari na oksijeni. Mapigo ya moyo kamera inaweza kuyahesabu kweli, kwa kuwa damu inayoingia kidoleni kila pigo hupunguza mwanga kidogo. Oksijeni ni jambo jingine: kifaa cha kawaida cha kidoleni hulinganisha mwanga mwekundu na mwanga wa infraredi, na kamera za simu kwa kawaida zina kichujio cha kuzuia huo wa pili. Mama mwenye shinikizo la juu la damu akiambiwa na simu yake kuwa yuko salama, sijui ni nani atakayewajibika.

Simu yenyewe nayo ina hila zake, ambazo wanunuzi wa serikali wanapaswa kuzijua kabla ya kutangaza zabuni. Kamera ya simu imetengenezwa ipendezeshe sura za watu; hivyo hunoa kingo za vitu, hubadilisha rangi na kubana picha bila kumuuliza mtumiaji. Simu mbili za matoleo tofauti zitatoa picha tofauti za yai moja, na programu iliyofundishwa kuhesabu kwa picha za simu ya kwanza inaweza kuyumba ikihamishiwa ya pili, au hata ikibaki kwenye ile ile baada ya mfumo wake kuhuishwa. Tiba yake inajulikana: toleo moja lichaguliwe na lisibadilishwe ovyo, marekebisho ya picha yazimwe, na kila asubuhi mtumishi apige picha ya kioo cha kipimo chenye milimita moja iliyogawanywa mara 100, ili ajue kuwa chombo chake bado kinasema kweli. Programu ifanye kazi bila mtandao na izungumze Kiswahili. Hilo linawezekana: programu ya Nuru, iliyofundishwa kwa picha za mihogo zikiwamo za hapa nchini, hutambua ugonjwa wa batobato na wa michirizi ya kahawia shambani bila intaneti. Alicho nacho mkulima, mgonjwa naye asikikose.

Tena simu hiyo iwe ya maabara, ibaki maabara. Leo picha nyingi za slaidi husafiri kwa WhatsApp kutoka kwa mtumishi kwenda kwa mkubwa wake, kupitia simu ile ile anayompigia mkewe, na mara nyingine zina jina la mgonjwa. Nia ni njema, lakini tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika jambo hilo haliwezi kuachwa liendelee kienyeji.

Kuna hofu miongoni mwa wenzangu, na siyo ya bure, kwamba kifaa cha bei nafuu kitakuwa kisingizio cha kutoajiri wataalamu wa maabara. Naomba mliondoe hilo kwa maandishi. Sampuli ya choo haijichuji yenyewe, slaidi haijitengenezi, na picha yenye kitu kinachofanana na yai bado inahitaji jicho la mtu aliyeyaona mayai mengi. Nimeshuhudia pia, katika kituo nisichopenda kukitaja, kifaa cha msaada kikifungiwa kabatini kikiwa kizima, kwa kuwa mradi uliisha pamoja na nywila na leseni ya programu yake, na hakuna mtumishi aliyeachiwa mamlaka hata ya kubadilisha betri. Mkataba wowote utakaosainiwa useme wazi kwamba kifaa, programu na picha ni mali ya halmashauri siku mradi unapoondoka.

Mtindo wa jaribio ninaouomba ni wa kawaida, na watu wa kulifanya wapo. Kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na Chuo Kikuu cha Katoliki cha Sayansi za Afya na Tiba, Bugando, wamekichunguza kichocho katika visiwa vya ziwa hili kwa miaka mingi. Wachague zahanati za mwambao na za visiwani. Kila sampuli itengenezewe slaidi zaidi ya moja. Msomaji wa simu asijue matokeo ya msomaji wa hadubini, wala huyu asijue ya yule. Na matokeo yatenganishwe kati ya maambukizi hafifu na makali, kwa kuwa wastani wa jumla utaificha kasoro ile ile iliyoonekana Pemba. Wasomaji wawe watumishi wa zahanati wenyewe, wasiwe mabingwa walioletwa kwa wiki moja. Tume ya Sayansi na Teknolojia itenge fungu la jaribio na la kutengeneza vitako hapa mkoani. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iandike mapema ni kiwango gani cha usahihi itakachokikubali, ili watengenezaji wasiwe wanakimbilia mstari unaosogezwa. TAMISEMI iwaruhusu waganga wakuu wa wilaya kuingiza vipuri na mafunzo kwenye mipango ya halmashauri, kwa kuwa fedha za kununua huonekana na za kutunza hazionekani.

Matokeo yatangazwe hata kama simu itashindwa, pamoja na bei halisi ya kila slaidi iliyosomwa, ikiwa ni pamoja na muda wa mtumishi. Picha zote na slaidi zitakazobishaniwa zihifadhiwe Mwanza, bila majina ya wagonjwa, ili yeyote atakayekuja baadaye na simu mpya au programu mpya apewe hizo azisome kwanza, kabla hajapewa kibali cha kuvuka kwenda kisiwani.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mtaalamu wa maabara,
Mwanza.